Mwaka wa Mwisho Niliokuwa Msomaji wa Mzee Ezekia

Habari ya kifo cha Mzee Ezekia ilinikuta hapa Buffalo, Grant Street, katika duka la Mama Noela, nikiwa nimeinamia friji nachagua sombe, majani ya muhogo, iliyogandishwa. Mama Noela alikuwa ameweka simu yake juu ya kaunta, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na mwanamume mmoja wa Louisville alikuwa anatangaza kwamba mtumishi wa Mungu amelala, matanga yako Shively, na wa Columbus na wa Buffalo wapange magari. Mama Noela akapunguza sauti, akanitazama kwa huruma, akasema pole mama, si wewe ulikuwa msomaji wake? Nikasema ndiyo, mimi. Halafu nikacheka. Sikupanga kucheka. Kilitoka tu, kicheko cha kweli cha tumboni, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na mfuko wa fufu akamvuta mtoto wake karibu. Nililipa, nikaenda nyumbani, nikakaa jikoni bila kuvua koti nikingoja hasira initoke, kwa sababu miaka ishirini nilijiambia kwamba siku mzee yule akiingia ardhini, nayo itaingia. Chai ikapoa. Hasira ikabaki pale pale, imekunja miguu kama mgeni asiyetaka kuaga. Bon, nikachukua daftari.

Kwa wasioyajua makanisa yetu, niseme kwanza msomaji ni nani. Mhubiri wetu hashiki kitabu. Anasimama mbele, mkono mmoja mgongoni, anatembea, na akifika mahali pa andiko anataja kitabu, sura na mstari, kisha anasema, "Soma." Pembeni yake anasimama kijana mwenye sauti, Biblia imefunguka mikononi, naye anasoma maneno machache. Mhubiri anamkatiza, anayarudia maneno yale, anayageuza, anayapandisha, kisha tena: "Soma." Wakizoeana vizuri, watu hawatambui tena nani kasema nini. Mimi nilianza kumsomea Mzee Ezekia katika kambi ya wakimbizi nikiwa na miaka kumi na sita, na Amerika tukafika pamoja, Louisville, kanisa lile lile, mzee yule yule. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na ishirini na miwili. Na miaka yote hiyo nilikuwa najua jambo ambalo mtu mwingine aliyelijua ni mke wake tu: Mzee Ezekia hakujua kusoma. Si kwamba macho yalikuwa mabaya, kama alivyosema. Hakujua herufi hata moja. Utotoni alikuwa mchunga ng'ombe kule milimani kwetu, akasimama nje ya dirisha la darasa la misheni miaka na miaka, akaishika Biblia nzima kwa masikio. Barua zake za hospitali na za serikali aliniletea ndani ya koti, akiniomba niangalie kama zimeandikwa vizuri. Sikumwambia mtu, hata dada yangu. Msomaji humfunika mhubiri wake. Hakuna aliyenifundisha hilo, ndiyo kazi yenyewe.

Januari ya mwaka ule shemeji yangu Prosper, mume wa dada yangu Mapendo, alianguka ghalani huko Okolona akiwa na sanduku mikononi, na mpaka gari la wagonjwa linafika moyo wake ulikuwa umesimama. Aliacha mke wa miaka ishirini na saba na mtoto mmoja wa miaka minne, Yona. Naikumbuka apatimenti yao kuliko ninavyozikumbuka nyumba zangu mwenyewe: sofa mbili za kahawia, zulia lenye alama ya pasi karibu na dirisha, na jikoni vyungu vya wamama wa kanisa vikipokezana, cha maharage kikitoka, cha mchicha wa lenga-lenga kinaingia. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Siwezi kusema uongo, kanisa lilitubeba. Walitupikia wiki tatu, walimpeleka Yona shule, walimzika Prosper kwa heshima. Ndiyo maana kutengwa na watu wale hakukuwa mchezo. Kule Louisville hatukuwa na wengine. Mtoto akiugua, mkalimani ni wa kanisa. Gari likifa, anayekupeleka kazini ni wa kanisa. Na ukifa, watakaokuosha ni wa kanisa.

Wiki ya nne, wageni walipopungua, mdogo wa marehemu, Elias, alianza kuja kila jioni. Alikuwa kijana mpole, mzito wa kusema. Alikaa kwenye kiti cha Prosper, amevaa jaketi la kazi la Prosper, akangoja chai. Sikuelewa mpaka Jumapili moja, nikiwa jikoni naosha vikombe, niliposikia wazee wanne wakizungumza sebuleni na dada yangu amekaa chini kwenye zulia mbele yao. Mzee Ezekia alikuwa baba mkubwa wa Prosper na Elias. Alisema, kwa sauti ile ile ya ibada, kwamba mwanamke ni wa nyumba ile, mtoto ni wa nyumba ile, na Elias ataisimamisha nyumba ya kaka yake. Sherehe ndogo tu, isiyo na makelele. Mzee Simoni, aliyekuwa wa pili wake kanisani, akauliza kama mwanamke amekubali. Mzee Ezekia akajibu kwamba mwanamke bado analia, na mwanamke anayelia hajui anachotaka. Wakaomba, wakamaliza chai. Nilipotoka na sinia nilimkuta Mapendo anatazama soksi zao. Vidole vyake vilikuwa vinang'oa nyuzi za zulia, moja moja.

Alikataa. Alikataa kwa heshima, akasema Elias ni mdogo wake, ni yeye Mapendo aliyemfundisha kufunga tai, hawezi kulala naye. Kisha watu wakaona gari la Tumaini. Tumaini alikuwa Mrundi, dereva wa foklifti ghala lile lile alikoangukia Prosper, mwenye Kiswahili cha redioni, na gari la Mapendo lilipoharibika alianza kumpeleka kazini asubuhi. Wakati ule hapakuwa na kitu kati yao isipokuwa salamu na chapati mbili ambazo Mapendo alimfungia kwenye karatasi ya foili. Ila kanisani chapati mbili zilitosha. Mwezi wa tatu dada yangu aliitwa mbele ya kusanyiko.

Tulikodi ukumbi Shively, tukaingia saa nane Wamarekani wenye ukumbi wakishatoka kwenye ibada yao, kahawa yao bado inanukia. Viti vyote vilikuwa vya plastiki isipokuwa benchi moja la mbao, nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo. Lile lilikuwa benchi la waliotengwa. Aliyetengwa haimbi kwaya, haendi mezani pa Bwana, hapewi mkono, hakuna anayekula naye. Anakaa pale mpaka atubu. Mzee Ezekia alimsimamisha Mapendo mbele, akageuka kwangu, akataja kifungu cha Torati. "Anzia kwenye mke," akasema. "Soma." Nikaanzia kwenye mke. Nikasoma kwamba mke wa marehemu asitoke akaolewa na mtu wa nje, ndugu wa mume ndiye wa kumchukua. Akasema soma tena, nikasoma tena, kwa ile sauti nzuri waliyonisifia. Nilikuwa nimezoea kuanza aliponiashiria na kuishia aliponiashiria. Kidole gumba changu kilikuwa kimeufunika mwanzo wa mstari na sikukisogeza. Mapendo alinitazama mara moja tu. Akachukua mkoba, akamshika Yona mkono, akapita katikati ya viti mpaka kwenye benchi. Yona alikuwa na vile viatu vinavyowaka taa kila mtoto akikanyaga, na kila mtu alizitazama zile taa ili asimtazame mama yake.

Katikati ya wiki sikuwa Louisville. Kila Jumatatu asubuhi nilipanda basi kwenda Columbus, nikamtunza bibi mmoja Mhindi, Bibi Lata, nikilala kwake mpaka Ijumaa. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, Mbengali, mjane wa mwalimu. Yeye na mume wake walifundisha Tabora miaka mingi kabla ya kumfuata mtoto wao Amerika. Tangu apate kiharusi, Kiingereza kilikuwa kinamponyoka na Kiswahili cha Tabora kinarudi, ndiyo maana mtoto wake alitafuta mtunzaji anayekijua. Changu hakikumridhisha. Nilipomwuliza kama iko na njaa, alinijibu kwamba friji ndiyo iko, yeye yupo. Chumba chake kilikuwa na joto kupita kiasi, kinanukia mafuta ya haradali na dawa ya kuchua mgongo. Ukutani kulikuwa na picha moja tu, mwanamume mwenye kilemba na shali, mashavu mazito. Nilidhani ni mungu wao. Mwezi mzima nilimpangusa vumbi nikiwa nimegeuza uso, nikikemea kimoyomoyo.

Siku moja nilikaanga ndagala, zile dagaa zetu, nilizotoka nazo Louisville, nikampelekea sahani. Alivuta ile harufu macho yamefumba, kisha akaisukuma. Kwao, alisema, mume akifa mke hali samaki tena. Alikuwa hajaonja samaki miaka ishirini na sita, na alizaliwa kando ya mto. Nikamwuliza ni nani atakayemwona hapa Columbus. Akacheka mpaka akakohoa, akainua kidevu kuelekea picha, akasema yule anamwona, tena angemgombeza kwa kuacha kula. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa mungu. Jina lake ni refu na sitaliandika. Kichwani mwangu ni Mbengali tu. Enzi za Waingereza, alinisimulia Bibi Lata, kulikuwa na wajane kwao waliochomwa moto wakiwa hai pamoja na maiti za waume zao, na makuhani walisema vitabu vitakatifu vinataka hivyo. Watu husimulia kwamba mke wa kaka yake Mbengali alichomwa yeye akiwa safarini, akarudi akakuta majivu, akaapa. Kama ni kweli au si kweli, Bibi Lata hakujali. Alijali kilichofuata. Mbengali hakuwatukana makuhani. Alivichukua vitabu vyao, akavisoma kuanzia juu mpaka chini kwa lugha yao ngumu, kisha akaandika kwa lugha ya sokoni, kama watu wawili wanaobishana, ili hata muuza maziwa asikie kwamba makuhani walikuwa wanasoma nusu. Watu walimtishia maisha. Kesi ilipofunguliwa dhidi yake, mama yake mzazi alisimama upande wa waliomshitaki. Lakini sheria ikatoka, na moto ule ukakatazwa.

Nami nikamsimulia habari ya dada yangu na benchi. Alinisikiliza huku anachambua dengu kwenye sinia kwa mkono wake mmoja uliokuwa mzima. Nilipomaliza hakusema pole. Aliniuliza swali moja.

"Wewe uliyesoma," akasema, "ulianzia juu?"

Biblia yangu ilikuwa mkobani, chini ya taulo. Niliifungua pale mezani, katikati ya dengu. Mstari ule hauanzii kwenye mke. Unaanzia kwa ndugu wanaokaa pamoja, na mmoja wao akafa bila kuacha mtoto wa kiume. Ni kwa mjane wa huyo tu ndipo ndugu wa mume anaingia, ili marehemu asikose jina. Niliusoma mara tatu kwa kidole. Yona alikuwa amekaa mwezi na nusu kwenye benchi la waliotengwa, mtoto wa kiume wa Prosper, ana pua ya Prosper, na ukumbi mzima haukumwona. Sitasema kwamba nilimhurumia dada yangu kwanza. Nilijionea aibu kwanza, aibu ya kile kidole gumba, na sikuivumilia hata dakika moja. Niligeuka nikamtafuta wa kumtwika. Nikamwambia Bibi Lata nitamwumbua mzee yule mbele ya watu wote, akose pa kuweka uso wake. Na nikamtolea siri, kwamba hajui kusoma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitamka, na niliipenda ladha yake.

Bibi Lata aliacha kuchambua. "Mtu wangu alifungua kitabu ili wanawake waishi," akasema. "Wewe unataka kukifungua ili mzee mmoja afe."

Nilimjibu kwamba kama kitabu kimoja kinafanya kazi zote mbili, ni vizuri zaidi. Alivuta sinia, akaendelea kuchambua mpaka wakati wa chakula cha jioni. Tulikula dengu na wali, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, na nikaosha vyombo nikiwa naimba.

Ilikuwa mwezi wa tano. Hapa ndipo nataka kuandika taratibu. Ningeweza kwenda kwa Mzee Ezekia Jumamosi ile ile, nikamfungia mlango, nikamsomea mstari mzima yeye peke yake. Angepata njia ya kujirudi, na dada yangu angetoka benchini kabla shule hazijafungwa. Niliwaza hivyo ndani ya basi na nikaikataa fikira yenyewe kabla hatujafika Cincinnati. Nilitaka watu. Mwezi wa kumi kulikuwa na mkutano wa makanisa yetu yote, wa Columbus, wa Buffalo, wazee na wake zao, kwaya tano, na nilijua kesi ya Mapendo itamaliziwa hapo. Donc nikangoja. Jumapili hadi Jumapili nilisimama pembeni ya mzee nikamsomea kwa sauti tamu kuliko zamani. Alinisifu mbele ya vijana wengine. Aliendelea kuniletea barua zake ndani ya koti, na nikazisoma, sukari ya mke wake, miadi ya kliniki, nikimpapasa kwa macho kama mtu anayepima mbuzi. Nyuma kabisa dada yangu alikuwa anakonda. Wanawake waliokuwa wakimsuka walimpita wakienda chooni na kurudi, miguu yao karibu inagusa yake. Yona akazoea. Mwezi wa saba aliuliza, kwa Kiingereza chake cha shule, kwa nini viti vya plastiki ni vya watu wengine. Nilisikia swali hilo kwa masikio yangu, na nikaendelea kungoja.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mapendo aliitwa mbele, Yona kamshika sketi. Mzee Ezekia alisema kanisa limevumilia vya kutosha. Leo achague, nyumba ya Elias, au afutwe kabisa kwenye kitabu cha washirika, yeye na mtoto, na atakayempa hata salamu naye afutwe. Elias alikaa mstari wa kwanza na jaketi la kaka yake. Tumaini alisimama mlangoni, kofia mkononi, kwa kuwa hakuwa mshirika wetu. Mapendo hakuwa analia. Nilimjua, alikuwa ameshaamua kusema ndiyo. Alikuwa amechoka, na alikuwa na mtoto wa kulea. Mzee akageuka kwangu, akataja kifungu.

"Anzia kwenye mke. Soma."

Nilianzia juu. Nilisoma polepole, nikafika kwa ndugu aliyekufa bila mtoto wa kiume, nikarudia. Mzee akasema nimekosea mstari. Nikasema sikukosea. Nikainama nikamwuliza Yona, mbele ya watu wote, baba yako anaitwa nani. Akajibu, Prosper, kwa sauti kubwa kama darasani. Mzee Simoni alikuwa ameshavaa miwani anatafuta ukurasa, na wamama wakaanza kufungua Biblia zao, na karatasi zikasikika ukumbi mzima. Mzee Simoni akasoma kwa midomo, akainua kichwa. "Njo vile imeandikwa," akasema. "Huyu mama iko na mtoto mwanaume. Hii sheria haimuhusu." Elias akavua lile jaketi, akalikunja magotini, na nadhani alikuwa na furaha kuliko sisi sote. Yalikuwa yamekwisha. Dada yangu alikuwa amepona, na Mzee Ezekia alikuwa bado mzee wetu, mzee aliyekosea mstari.

Lakini mimi sikuwa nimemaliza. Nilimnyooshea Biblia kwa mikono miwili, kwa adabu, jinsi tunavyompa mkubwa kitu. "Baba Mzee," nikasema, "kama nimekosea, soma wewe." Aliipokea, maana watu walikuwa wanamtazama. Akasema hana miwani. Mzee Simoni, kwa nia njema kabisa, akamvulia yake. Akaivaa. Aliutazama ukurasa, midomo yake ikatembea kidogo, na nilijua anatafuta kumbukumbu, hatafuti herufi. Nikamwacha hivyo kwa muda mrefu. Kisha nikasema, kwa ile sauti yangu nzuri, kwamba hawezi, kwamba hajui hata A, kwamba miaka sita macho yake yalikuwa mimi. Mke wake alijifunika uso kwa kitenge. Mzee alifunga kitabu, akanirudishia, akatafuta pa kukaa, na mbele hapakuwa na kiti chake, kwa kuwa mhubiri husimama. Akatembea katikati ya watu mpaka nyuma, akakaa kwenye benchi.

Nilifurahi. Niandike kama ilivyokuwa, nilifurahi kweli kweli. Jioni ile kwa Mapendo tulikula wali na kuku, Tumaini akakaribishwa ndani kwa mara ya kwanza, na mimi niliongea kuliko wote. Niliwaeleza habari za Bibi Lata, za Mbengali, za dengu mezani. Nilijisifu kwamba nilikuwa na ule mstari mkononi tangu mwezi wa tano, nikaubana, nikangoja siku yenye watu wengi. Mapendo alikuwa anamkatia Yona nyama. Aliacha kukata, kisha akaendelea. Ama kuhusu mzee, mpaka leo sijui kama alijua kwamba ule mstari una mwanzo, au naye alipewa nusu pale dirishani. Miaka ishirini nimekataa kujiuliza, kwa kuwa jibu moja kati ya hayo mawili lingeniharibia kila kitu.

Jumapili iliyofuata niliitwa mimi. Hawakusema nilisoma vibaya. Walisema msomaji amemvua nguo mhubiri wake mbele ya watoto, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, hata kambini. Mzee Simoni aliniuliza kama nitatubu. Nikasema atangulie yule wa nyuma. Basi akawaomba wanaokubali nitengwe wainue mikono, na mikono ikainuka mstari kwa mstari. Nilimkumbuka mama yake Mbengali, nikajifariji kwamba mtu anayesema kweli hukataliwa na watu wake. Mzee Ezekia, kule benchini, hakuinua mkono wake, na hata kwa hilo nilimchukia. Kisha nikamtazama dada yangu. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, kiti cha plastiki, amesukwa upya, na tangazo la ndoa yake na Tumaini lilikuwa la kusomwa siku ile ile. Mkono wake ulikuwa juu. Haukuwa umeinuka nusu, wala hakuwa anatazama chini. Aliunyoosha mpaka mwisho akinitazama usoni, na akaushikilia mpaka Mzee Simoni aliposema inatosha.

Alinifuata nje, pakingini, nilikokuwa nangoja mtu wa kunipeleka kituo cha basi, na hakuna aliyekuja. Nilimwambia kwamba nilimwokoa. Akasema ndiyo, umeniokoa, Mungu akubariki. Nikamwuliza kwa nini basi. Nilitaka aseme ni kwa ajili ya ndoa, kwamba aliogopa wasimbariki, na hilo ningemsamehe kabla basi halijaondoka.

"Ulikuwa unajua," akasema. "Miezi tano nilikaa pale na mtoto, Zawadi, na wewe ulikuwa unajua."

Nilimwambia hana shukrani. Ndilo neno la mwisho nililomwambia uso kwa uso. Nilitembea kwa miguu mpaka barabara kubwa, nikarudi Columbus, na Bibi Lata alipofariki nikahamia Buffalo, na kwa mengine yote nimeishi maisha ya kawaida kabisa. Dada yangu bado yuko Louisville na Tumaini. Wana watoto wengine watatu. Wa mwisho ni msichana, ana miaka kumi na miwili sasa, na wamempa jina langu. Sijawahi kwenda kumwona.